Hadithi Moja, Alama 7 na Alama 18



Jumamosi moja muhula uliopita nilifika mapema katika shule moja ya upili ya kutwa, mashariki mwa jiji la Nairobi. Nilikuwa nimealikwa kuwa hakimu. Si hakimu wa kesi, la, bali hakimu wa hadithi. Shule ilikuwa imeandaa shindano la hadithi fupi za Kiingereza kwa wanafunzi wa Kidato cha Tatu. Mshindi angetuzwa kamusi, kisha angesoma hadithi yake mbele ya wazazi siku yao itakapofika. Mtauliza kwa nini niliitwa mimi, ambaye riziki yangu naipata kwa Kiswahili. Hata mimi niliuliza. Mwalimu wa Kiingereza, mama wa makamo asiyepoteza maneno, alinijibu kwenye simu: "Wazazi wanapenda kusikia kuna mtu wa redio. Tena wewe hutatulipisha."

Tulikuwa watatu mezani. Mwalimu mwenyewe, mzee mmoja mstaafu aliyefundisha Kiingereza kwa miaka mingi na kusahihisha mitihani ya taifa, na mimi. Mbele yetu palikuwa na birika la chai, sahani ya viazi vitamu na hadithi 46 zilizopewa nambari badala ya majina. Kila mwanafunzi alitakiwa kuandika hadithi yenye maneno yasiyozidi 450, na aimalize kwa sentensi yenye maana hii: tangu siku hiyo sikumtazama tena kwa macho yaleyale. Kila hadithi ingesahihishwa na kila mmoja wetu bila kuona alama za mwenzake, kwa jumla ya alama 20. Hivyo ndivyo ilivyo katika mtihani wa KCSE, ambapo insha ya ubunifu hupewa alama 20 na kugawanywa katika madaraja manne. Daraja la A ni kuanzia 16 hadi 20, B ni 11 hadi 15, C ni 6 hadi 10, na D ni 5 kushuka chini.

Tulifanya kazi hadi saa nane. Kisha tukazijumlisha alama zetu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Hadithi mbili, nambari 17 na nambari 31, zilikuwa zimefungana kileleni kwa alama 37 kila moja. Mzee akasema, "Vizuri, tutazame mmoja mmoja alitoa nini." Tukatazama. Nambari 17, Mwalimu alikuwa ameipa 16, Mzee 13, na mimi 8. Nambari 31, Mwalimu 7, Mzee 12, na mimi 18.

Hebu fikirini, wasikilizaji. Karatasi moja, meza moja, chai moja, na watu watatu wanaojiita watu wazima. Hiyo nambari 31 ilikuwa daraja la C, daraja la B na daraja la A kwa wakati mmoja.

Niwaeleze hadithi zenyewe. Nambari 17 ilikuwa ya msichana, tulikuja kujua baadaye. Ilianza asubuhi yenye jua linalotabasamu na ndege wanaoimba nyimbo tamu. Shujaa wetu alikuwa mzima wa afya kama fidla. Naam, fidla, ile ala ya nyuzi ya Wazungu ambayo nina hakika mwandishi hajaigusa, na sijui ni nani aliyemwambia kwamba huwa na afya. Majambazi wakavamia nyumba, moyo wa shujaa ukadunda kama ngoma, akazirai, akazinduka hospitalini akiwa amezungukwa na wauguzi waliovaa meupe. Mwishowe akagundua kwamba kiongozi wa majambazi alikuwa jirani yao, na tangu siku hiyo hakumtazama tena kwa macho yaleyale. Kiingereza kilinyooka kama rula. Sikuona kosa la tahajia hata moja.

Nambari 31 ilikuwa ya mvulana. Hapa lazima niseme jambo kabla sijaendelea: kazi ya baba na mahali palipotajwa katika hadithi hiyo nimevibadilisha, na mwandishi mwenyewe ameniruhusu niisimulie hivi. Sababu mtaiona.

Aliandika kwamba baba yake ni makanga, au utingo kama tunavyosema redioni. Kila jioni baba alikuwa akimimina sarafu mezani, na kazi ya kijana ilikuwa kuzipanga kwa mafungu, za 5 kando, za 10 kando, za 20 kando. Jioni moja baba akarudi bila sarafu, akasema amechoka, akalala. Jioni ya pili vilevile. Lakini kila alfajiri aliendelea kuamka saa kumi, akavaa sare yake na kuondoka. Kisha siku moja kijana akarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Badala ya kwenda nyumbani akapita katika bustani ya katikati ya jiji, na pale kwenye benchi, saa sita mchana, akamwona baba yake ameketi na sare yake, hafanyi lolote. Wakatazamana. Mmoja alipaswa kuwa shuleni, mwingine alipaswa kuwa kazini. Baba akageuza uso, na kijana naye akageuza uso, kila mtu akaenda zake. Jioni baba akamwuliza masomo yalikuwaje. Akajibu yalikuwa mazuri. Naye akamwuliza baba kazi ilikuwaje. Baba akajibu ilikuwa nzuri. Mama akawapakulia chakula. Na tangu siku hiyo hakumtazama tena kwa macho yaleyale.

Mimi niliposoma hayo niliweka kalamu chini, nikaenda kusimama dirishani. Nikarudi, nikaandika 18.

Lakini Kiingereza chake, jamani! Hapo Mwalimu hakuwa na kosa. Katika mstari wa nne baba alikuwa mwanamke, katika mstari wa sita akawa mwanamume tena. Vitenzi vilikuwa vikiruka kutoka wakati uliopita hadi wakati uliopo kama panzi. Mwalimu alikuwa ameyazungushia duara makosa 38, na karatasi ilikuwa nyekundu kama shuka la Mmasai.

"Bwana mtangazaji," akaniambia, "hii unaipa 18? Mtoto hajui kutofautisha baba na mama!"

"Anajua," nikamjibu. "Asiyejua ni kiwakilishi chake."

Mzee akacheka, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa na subira kuliko sisi wawili, akatueleza jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. Akasema makosa ya mtoto huyu si ya ovyo. Tazameni, akasema, katika Kiswahili na katika lugha nyingi za huku kwetu, "yeye" ni mmoja, awe mke au mume. Mtoto anapofikiri upesi, mkono unaandika kiwakilishi chochote kilicho karibu. Tena tazameni vitenzi. Mtoto anaanza sentensi kwa kitenzi cha wakati uliopita, sawasawa kabisa. Vinavyofuata ndivyo anavyoviacha wazi, bila alama ya wakati. Kwa nini? Kwa sababu kichwani mwake anasimulia kwa "ka". Alienda, akaketi, akanitazama. Kwetu sisi kitenzi cha kwanza kikishautaja wakati, vingine hufuata nyuma kama mabehewa ya gari la moshi. Kiingereza kinataka kila behewa liwe na injini yake. "Sasa," akamalizia Mzee, "makosa yako 38, Mwalimu, ukiyahesabu vizuri ni matatu tu. Mengine ni yaleyale yanayorudi."

Tukahesabu. Yalikuwa manne. La nne lilikuwa kuacha vile vijineno vidogo ambavyo Waingereza huviweka mbele ya nomino, na ambavyo sisi hatuna.

Msikilizaji, usidhani kwamba namlaumu Mwalimu. Ana mikondo mitatu ya Kidato cha Tatu, na kila darasa lina wanafunzi zaidi ya 50. Akiwapa insha moja kwa juma, anabeba nyumbani karatasi zaidi ya 150, na akitumia dakika kumi kwa kila moja hizo ni saa 25, kabla hajapika, kabla hajatayarisha masomo ya kesho. Kosa la sarufi linaonekana upesi, unalizungushia duara na kusonga mbele. Tena kosa halina ubishi. Mzazi akija kulalamika, unamwonyesha. Je, utamwonyesha nini mzazi kwa kumwambia kwamba hadithi ya mtoto wake haina uhai?

Kisha akaniambia neno lililonichoma. "Wewe unaipenda hii kwa sababu imekugusa. Na kama ingesomwa na mtu asiyeguswa? Mtoto wa mitaa hii akienda kutafuta kazi, barua yake ya maombi haitapimwa kwa machozi yako. Itapimwa kwa kiwakilishi." Sikuwa na jibu.

Niliporudi nyumbani nilifukua kabatini daftari zangu za zamani za chuo, za siku nilipokuwa nikisomea stashahada ya uandishi wa habari, kwa sababu nilikumbuka mkufunzi mmoja aliwahi kutusimulia uchunguzi juu ya jambo hilihili. Nikaupata. Ulitolewa mwaka 1961 huko Princeton, Marekani, na Paul Diederich na wenzake wawili wa shirika la mitihani la Educational Testing Service. Walichukua insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa vyuo, wakawapa wasomaji 53, na si walimu wa Kiingereza peke yao. Walikuwamo pia walimu wa sayansi, waandishi na wahariri, wanasheria na wakuu wa biashara. Kila msomaji alitakiwa kuzipanga insha katika madaraja tisa, kwa maoni yake mwenyewe. Matokeo yake? Insha 94 katika kila 100 zilipata angalau madaraja saba tofauti. Hakuna insha hata moja iliyopata pungufu ya matano. Na zaidi ya mia moja zilipata madaraja yote tisa, yaani kila insha kati ya hizo kuna aliyeiona ni bora kabisa na kuna aliyeiona ni mbovu kabisa.

Lakini Diederich hakuishia kwenye kushangaa. Alichunguza maoni ambayo wasomaji waliandika pembeni mwa insha, akagundua kwamba walikuwa wamegawanyika katika makundi matano. Kuna waliotazama mawazo. Kuna waliotazama makosa, yaani sarufi, alama za uandishi na tahajia. Kuna waliotazama mpangilio. Kuna waliotazama uteuzi wa maneno. Na kuna waliotazama ladha, yaani ile sauti ya mwandishi mwenyewe. Kila kundi lilikuwa likipima kitu chake, na wote wakakiita kwa jina moja: alama.

Niliposoma hayo nilituona sisi watatu mezani. Mwalimu alikuwa kundi la makosa, Mzee kundi la mpangilio, na mimi kundi la ladha. Tulikuwa kama watu watatu sokoni, mmoja ana mizani, mwingine ana futi, wa tatu ana pishi, na wote wanagombana juu ya gunia moja.

Tena nikajijaribu mwenyewe. Nilikuwa nimebaki na nakala za hadithi tano zisizohusika na ugomvi wetu. Nikazisahihisha upya baada ya juma moja, bila kutazama alama za awali. Nne zilikaribiana. Ya tano niliipa 10, na nilipofungua daftari nikakuta mara ya kwanza niliipa 15. Nikatafuta sababu. Mara ya kwanza niliisoma mara tu baada ya hadithi mbovu kuliko zote 46. Baada ya giza lile hata kibatari kilionekana taa ya umeme. Basi mtoto huyo alikuwa amepata alama tano si kwa kalamu yake, bali kwa bahati ya kupangwa nyuma ya mwenzake. Wasahihishaji wa mitihani mikubwa wanaujua ugonjwa huu, ndiyo maana kabla ya kuanza huketi pamoja na kusahihisha nakala zilezile, wakabishana mpaka mikono yao ilingane. Darasani, Jumapili usiku, Mwalimu yuko peke yake na taa yake. Atalingana na nani?

Sasa nirudi kwa majambazi. Mzee alisema kwamba katika miaka yake ya kusahihisha, amezinduka hospitalini mara nyingi kuliko mgonjwa yeyote nchini. Yaani watoto huandika mwisho uleule, wauguzi walewale waliovaa meupe, kitanda kilekile. Wanaipata wapi? Katika vitabu vya insha za mfano, na katika orodha za misemo wanazokaririshwa ili wazipachike popote. Mtoto mwerevu hujua kwamba mwanzo ni wa kukariri, mwisho ni wa kukariri, na katikati unabadilisha kidogo kulingana na swali. Hapati makosa, kwa sababu hasemi lolote. Msitucheke peke yetu wa Kiingereza, maana insha za Kiswahili nazo hazijapona. Huko ndiko "nilirauka alfajiri na mapema", huko ndiko "guu mosi guu pili", huko ndiko methali tatu katika aya moja hata kama zinapingana.

Nami sina usafi wa kumcheka mtu. Nilifanya KCPE mwaka 1994, enzi ambazo insha ya Kiingereza ilikuwa na dakika 40 na alama 40. Niliandika juu ya safari ya ndege, mawingu kama pamba chini yangu, na wakati huo sikuwa nimewahi kupanda hata gari la moshi. KCPE yenyewe ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini mawingu yale ya pamba bado yapo. Yalinifuata mpaka kazini. Ripoti yangu ya kwanza ya habari ilianza na ndege wakiimba juu ya miti, na mhariri akanirudishia akiwa ameandika pembeni maneno mawili tu: "Ndege gani?" Sikujua. Nilikaa nusu saa nikijaribu kukumbuka kama kulikuwa na miti.

Kuna kisa kingine ninachokipenda juu ya mwanafunzi na hadithi fupi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alipokuwa mwanafunzi Makerere alimkuta Jonathan Kariara, aliyehusika na Penpoint, jarida la wanafunzi wa Kiingereza, akamwambia ameandika hadithi na angependa aitazame. Ukweli ni kwamba hakuwa ameandika kitu. Lakini maneno yalikwisha mtoka, Kariara alikubali kuisoma, ikambidi kijana akaiandike. Ndiyo hadithi ya mti wa mũgumo iliyotolewa katika Penpoint mwaka 1960, na baadaye ikaingia katika kitabu chake cha hadithi fupi cha mwaka 1975. Hakuna aliyemwahidi alama. Alichokuwa nacho ni mtu mmoja anayesubiri kusoma.

Basi, shindano letu. Tulipokutana mara ya pili niliwaeleza wenzangu habari ya Diederich, na Mwalimu, ambaye hapotezi maneno, akasema, "Kama tunapima vitu viwili, tuviandike viwili." Tukagawanya zile alama 20. Kumi za hadithi: je, kuna mtu ndani yake, kuna jambo linalobadilika, je, mwandishi ameona kitu kwa macho yake? Kumi za lugha. Na tukakubaliana kwamba kila mmoja asome kwanza hadithi nzima bila kushika kalamu. Hili lilikuwa gumu kwa Mwalimu kuliko yote. Vidole vyake vilikuwa vikitafuta ile kalamu nyekundu kama mvutaji anavyotafuta sigara.

Tukasoma. Tukajadiliana. Safari hii hatukutofautiana sana. Nambari 31: hadithi 9, lugha 4, jumla 13. Nambari 17: hadithi 4, lugha 9, jumla 13.

Zimefungana tena! Mzee alicheka mpaka akakohoa. Lakini Mwalimu hakucheka. Alizitazama zile karatasi mbili, akasema polepole kwamba miaka yote amekuwa akiwarudishia watoto wa namna hii alama 13 na 13, na kuwaambia wote wawili neno lilelile, yaani "jitahidi zaidi". Ajitahidi kufanya nini? Huyu wa 9 na 4 anahitaji mambo manne ya sarufi, ambayo yanafundishika kwa majuma machache. Yule wa 4 na 9 hana la kujifunza katika sarufi kwa sasa. Anahitaji mtu wa kumwuliza: ndege gani? Nambari 13 ilikuwa imewaficha wote wawili nyuma ya pazia moja. Nadhani hata huu mtaala mpya wa umilisi, ambao badala ya alama humwambia mtoto kwamba amefikia au amekaribia matarajio, utaangukia shimo lilelile kama hautasema ni matarajio ya nini.

Ikabaki swali la kamusi. Mimi na Mzee tukataka iende kwa mvulana. Hapo ndipo Mwalimu alipouliza jambo ambalo, naona aibu kukiri, halikuwa limenipitia akilini hata kidogo. "Na siku ya wazazi ataisoma? Mbele ya baba yake?"

Pakawa kimya. Nilikuwa nimetoa alama 18, nimesimama dirishani, nimetetea hadithi kwa mdomo wangu wote, na sikuwahi kujiuliza kama ile sare ya utingo inavaliwa na mtu wa kweli.

Mwalimu akatafuta jina la nambari 31, akamwita kijana. Mwembamba, mrefu, sweta limeisha viwiko. Akaambiwa hadithi yake imependwa, na kwamba mshindi husoma. Nami, kwa udaku wangu wa kazi, nikataka kumwuliza kama ni kweli. Mzee akanishika mkono. Akaninong'oneza, "Yule wa majambazi hukumwuliza kama alivamiwa."

Kijana alifikiri kidogo, akatazama sakafu, kisha akasema, "Alama nitachukua, Mwalimu. Kusoma mbele ya watu, hapana."

Basi kamusi ilikwenda kwa msichana, na siku ya wazazi alisoma vizuri sana, sauti inapanda na kushuka, na wazazi wakapiga makofi majambazi yaliposhikwa. Nilikuwapo. Sikuona vibaya. Mtoto alikuwa amefanya alichofundishwa, na kukifanya barabara.

Lakini kabla ya hapo Mwalimu alikuwa amewarudishia wote wawili karatasi zao. Safari hii alitumia penseli. Kwa mvulana alizungushia yale makosa manne tu, kila moja mara moja, na kumwambia ayatafute mengine mwenyewe. Chini ya karatasi aliandika swali: baba alikuwa amekaa upande gani wa benchi? Kwa msichana hakuzungushia kitu. Aliandika: jambazi alikuwa amevaa viatu gani?

Msichana alirudi siku ya pili akiwa amekasirika kidogo. "Mwalimu, mimi sijawahi kumwona jambazi."

"Basi niandikie mtu uliyemwona," Mwalimu akamwambia. Ninavyozungumza nanyi bado hajaandika, ingawa nasikia amerudi mara mbili kuuliza kama anaweza kuandika juu ya nyanya yake, na kama nyanya akiwa mkorofi alama zitapungua.

Mvulana alileta karatasi yake baada ya juma zima. Mwalimu alinionyesha nilipopita shuleni kuwaaga, baada ya yeye kuniruhusu. Vitenzi vilikuwa vimekaa mahali pake karibu vyote. Na kwenye benchi palikuwa na sentensi mpya. Baba, aliandika, alikuwa amekaa ukingoni kabisa mwa benchi, kofia ameiweka kando yake, kama mtu anayemshikia mwenzake nafasi.

Baba bado alikuwa mwanamke katika mstari mmoja. Mwalimu akachukua penseli, akalisahihisha.